Usafi ulioangamiza samaki wa maabara

Huenda hakuna amri inayotolewa mara nyingi katika shule zetu kuliko "safisheni". Kengele ya alfajiri inapolia, mwanafunzi hushika ufagio kabla ya kushika kitabu. Mgeni akitarajiwa, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa na vioo vya madirisha husuguliwa kwa karatasi za magazeti hadi ving'are. Siikejeli desturi hiyo. Nimelelewa nayo, nami nimewalea wengine kwayo. Hata hivyo, leo ningependa kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi kisa cha usafi mmoja ulioleta maafa, maana aliyeuamuru ni mimi, na aliyelaumiwa kwa maafa hayo ni mtoto asiyekuwa na hatia.

Ilikuwa katika muhula wa pili wa mwaka 2014. Nilikuwa nikifundisha Biolojia katika shule moja ya upili magharibi mwa nchi. Nyuma ya maabara yetu palikuwa na tangi la kioo la lita 200, lililonunuliwa kwa michango ya chama cha sayansi. Ndani yake waliogelea ngege wachanga 19, tuliowapata kwa mzee mmoja aliyechimba kidimbwi chake mnamo 2009, wakati serikali ilipogharimia uchimbaji wa vidimbwi vya samaki katika maeneo mengi ya bunge. Kichujio chetu kilikuwa rahisi mno: pampu ndogo ya hewa, mpira mwembamba, na kipande cha sifongo chenye ukubwa wa nusu mkate. Hewa ilipopanda katikati ya sifongo hiyo, ilivuta maji yapite katika vijitundu vyake. Basi, hakukuwa na zaidi ya hayo.

Kwa muda wa miezi saba hakufa samaki hata mmoja. Kiranja wa maabara, msichana wa Kidato cha Tatu, aliwatunza kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwa mwanafunzi mwingine. Kila Jumamosi alitoa ndoo mbili za maji na kurudisha ndoo mbili za maji ya mvua kutoka katika tangi la saruji la shule. Sifongo aliiacha jinsi ilivyokuwa, na baada ya miezi hiyo saba ilikuwa imevaa utando wa rangi ya hudhurungi, wenye utelezi kama tope la kinamasi.

Ijumaa moja tulipata habari kwamba wakaguzi wangetutembelea Jumatatu. Nilipita maabarani, nikaitazama sifongo ile, nikaona haya. Nilimwagiza kiranja aitoe, ailoweke katika maji ya moto, kisha aisuuze mferejini hadi maji yatoke meupe. Kokoto za sakafuni nazo zitolewe zisuguliwe, na kuta za tangi zipanguswe. Aidha, samaki walishwe vyema ili wageni wawakute wachangamfu. Mtoto alitii kila neno. Jumatatu wageni walisimama mbele ya tangi lile, wakalisifu kwa jinsi lilivyometameta. Nami nilitabasamu.

Jumatano asubuhi ngege 11 walikuwa wakielea ubavu juu. Wanane waliosalia walikuwa wamejikusanya karibu na uso wa maji, vinywa wazi, wakitweta kama watu waliokimbia mbio ndefu. Mbele ya darasa zima nilimwambia kiranja kwamba bila shaka alitumia sabuni. Akajibu kwa sauti ya chini, "Sikutumia sabuni, Mwalimu." Sikumsadiki. Siku hiyo hiyo nilimvua ukiranja.

Jumamosi nilikwenda kwa yule mzee wa kidimbwi kununua samaki wengine. Hakunipa samaki, alinipa swali. "Kabla hawajafa, Mwalimu, mlifanya nini ndani ya tangi?" Nikamweleza jinsi tulivyosafisha, na nadhani nilieleza kwa fahari kidogo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Lile tope mlilolimwaga, Mwalimu, ndilo lililokuwa likiwalinda."

Aibu iliyonipata siwezi kuieleza ikaelezeka, kwa sababu Jumanne ya wiki ile ile niliyoamuru usafi, nilikuwa nimesimama mbele ya darasa lile lile nikifundisha mzunguko wa nitrojeni. Nilichora mishale ubaoni: amonia, nitriti, nitrati. Niliwataja bakteria kwa majina yao ya Kilatini, nikawaonya wanafunzi kwamba swali hilo hupendwa sana na watahini. Siku tatu baadaye niliamuru bakteria hao hao wamwagiwe maji ya moto.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Samaki hatoi uchafu wa nitrojeni kwa namna tunayoutoa sisi. Sehemu kubwa humtoka kwa njia ya matamvua ikiwa amonia, nayo huingia moja kwa moja katika maji anayopumua. Katika mto au ziwa, maji ni mengi na amonia hutawanyika. Katika tangi la kioo, samaki ni kama mtu aliyefungiwa chumbani pamoja na choo chake. Chakula kilichobaki bila kuliwa nacho huoza na kuongeza amonia hiyo hiyo. Amonia huunguza matamvua na kuvuruga ubongo, na ukali wake huzidi kadiri maji yanavyokuwa na ualkali na joto zaidi.

Kinachomwokoa samaki ni viumbe wasioonekana kwa macho. Kundi moja la bakteria huichukua amonia, likaiunganisha na oksijeni na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huiharibu himoglobini isiweze kubeba oksijeni, na damu ya samaki ikageuka rangi ya hudhurungi. Kundi la pili huichukua nitriti hiyo na kuigeuza kuwa nitrati. Majina haya mawili hutofautiana kwa herufi moja tu, lakini kwa samaki tofauti hiyo ni kama ya mauti na uhai, kwani nitrati haina madhara makubwa hadi irundikane sana. Ndiyo sababu kiranja wangu alikuwa akipunguza maji kila Jumamosi: kuitoa nitrati ambayo bakteria walikuwa wamekwisha kuitengeneza.

Elimu hii si mpya. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alibainisha mwanzoni mwa miaka ya 1890, akifanya kazi mjini Zurich, kwamba hatua hizi mbili hutekelezwa na viumbe wawili mbalimbali. Vitabu vyetu vingi humtaja Nitrosomonas kwa hatua ya kwanza na Nitrobacter kwa hatua ya pili. Hata hivyo, mnamo 1998 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba katika matangi ya samaki wa maji baridi, anayefanya kazi ya hatua ya pili aghalabu si Nitrobacter bali Nitrospira. Na mnamo 2015 watafiti waligundua kwamba wapo Nitrospira wanaoweza kuzitekeleza hatua zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana katika kichujio cha mahali pa kufugia samaki. Mwanafunzi anayedhani kwamba sayansi ilikamilika zamani na kufungiwa vitabuni na ayatafakari hayo.

Bakteria hawa huishi wapi? Wachache mno huelea majini. Wengi hujishikiza juu ya vitu: kokoto, kuta za kioo, mimea, na zaidi ya yote katika vijitundu vya sifongo ambamo maji yenye oksijeni hayaachi kupita. Kipande cha sifongo hutoshea kiganjani, lakini nyuso zote za vijitundu vyake zikitandazwa, zingefunika eneo kubwa mno kuliko tangi lenyewe. Kwa hiyo kazi ya sifongo si kunasa takataka tu. Ni nyumba, na wenye nyumba ndio wanaochuja. Ule utando wa utelezi niliouonea haya ulikuwa mji mzima wa wafanyakazi wasiodai mshahara wala likizo.

Jambo jingine linalofaa kukumbukwa ni kwamba bakteria hawa huzaana polepole. Bakteria wa matumboni aitwaye Escherichia coli akipata mazingira mema huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20 hivi. Hawa wa nitrojeni huhitaji saa nyingi, aghalabu nusu siku hadi siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuweza kubeba samaki wake bila hatari. Mimi nililirudisha tangi la miezi saba katika hali ya siku ya kwanza, likiwa na samaki 19 walioshiba kupita kiasi. Kufa kwao hakukuwa ajabu. Ajabu ni kwamba walisalia wanane.

Kabla sijaeleza matunzo, nawaomba mnivumilie nitaje samaki mmoja wa nchi yetu ambaye kila mwalimu wa Biolojia angepaswa kumsimulia darasani. Katika chemchemi za moto za Ziwa Magadi huishi ngege mdogo aitwaye Alcolapia grahami. Maji yake yana ualkali wa pH inayokaribia 10, na katika maji ya namna hiyo amonia haitoki mwilini kwa urahisi; ingemrundikia ndani ikamuua. Basi yeye hutoa urea, kama sisi wanadamu, jambo lililo nadra mno miongoni mwa samaki wenye mifupa. Samaki wa Magadi amebadili mwili wake ili kuikwepa amonia. Ngege wetu wa kawaida hana uwezo huo. Tegemeo lake ni wale majirani wanaoishi katika sifongo.

Sasa matunzo yenyewe. Niliyojifunza kwa hasara, nayatoa bila malipo.

Kwanza, sifongo isioshwe kwa maji ya mfereji yenye klorini. Klorini hutiwa majini kusudi iue bakteria, nayo haibagui wabaya na wema. Siku ya kupunguza maji, teka maji ya tangi lenyewe ndani ya ndoo, uikamue sifongo humo mara mbili tatu, kisha uirudishe. Lengo ni kuondoa tope linaloziba vijitundu ili maji yapite. Si kuifanya ionekane mpya. Ikibaki na rangi yake ya hudhurungi, ujue umefanya vyema.

Pili, usisafishe vyote siku moja. Ukiwa na sifongo mbili, kamua moja leo na nyingine baada ya wiki mbili au tatu. Ukikamua sifongo, ziache kokoto. Sifongo ikichakaa hata ikalazimu kubadilishwa, iweke mpya ubavuni mwa kuukuu kwa muda wa mwezi au zaidi, ili wenyeji wahame taratibu.

Tatu, bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Stima ikipotea, maji yaliyotuama ndani ya kichujio huishiwa na oksijeni, hasa katika vile vichujio vya mkebe uliofungwa, na baada ya saa kadhaa wenyeji huanza kufa. Stima irudipo, usikiwashe kichujio cha namna hiyo kabla ya kuyamwaga maji yaliyovunda ndani yake na kuisuuza sifongo kwa maji ya tangi. Pampu ya hewa nayo iwekwe juu kuliko usawa wa maji, la sivyo inapozima maji yatarudi kwa njia ya mpira yakaijaza.

Nne, maji mapya yaandaliwe. Klorini ya kawaida hutoka ikiwa maji yataachwa wazi ndani ya karai kwa siku nzima, hasa yakitiwa hewa. Klorini iliyounganishwa na amonia haiondoki kwa njia hiyo. Hapo hutumika thiosulfeti ya sodiamu kidogo sana, kemikali ambayo mwalimu wa Kemia hakosi kuwa nayo rafuni. Wanaotumia maji ya mvua nao wajue kwamba kazi ya bakteria hula ualkali wa maji, na maji ya mvua yana ualkali haba. Yakigeuka kuwa na uasidi mwingi, bakteria hulegea. Vipande vichache vya jiwe la matumbawe au makombe vitasaidia. Tangi letu la saruji, nadhani, lilikuwa likitusaidia bila sisi kujua.

Tano, lisha kidogo. Kinachobaki baada ya dakika chache ni mzigo unaowaongezea bakteria kazi. Na ukiona samaki wanatweta juu ya maji, usiwalishe kabisa. Badili sehemu ya maji, kisha utafute chanzo.

Tena vifaa si lazima vitoke ng'ambo. Mawe mepesi ya volkeno yenye matundu, yanayopatikana katika Bonde la Ufa huko Longonot, ni makao mazuri ya bakteria. Vigae vya chungu kilichovunjika, kisichopakwa rangi, vitafaa pia. Vioshwe vizuri kabla ya kutumiwa mara ya kwanza, na baada ya hapo viheshimiwe.

Najua kuna watakaosema kwamba tangi la samaki ni anasa katika shule ambazo hazina madawati ya kutosha. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Shule isiyo na madawati na inunue madawati kwanza. Lakini shule nyingi zina kitu fulani kilicho hai: bustani, kuku, nyuki, au kidimbwi. Palipo na uhai, mzunguko ule upo. Bakteria wa aina hiyo ndio wanaoigeuza samadi shambani kuwa nitrati ambayo mahindi huweza kuinyonya. Mwanafunzi anayeuona mzunguko huu mahali pamoja kwa macho yake atautambua kwingine kote. Anayeukariri kwa mishale atausahau jioni ya mtihani.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sisi walimu tumezoea kudhani kwamba tatizo la elimu ya sayansi ni ukosefu wa vifaa. Mimi nilikuwa na kifaa, na kilinguruma nyuma yangu nilipokuwa nikichora ubaoni. Sikugeuka nyuma hata mara moja kuwaonyesha wanafunzi kwamba mishale ile ilikuwa inatendeka pale pale. Wala sikugeuka kujionyesha mwenyewe. Laiti ningegeuka, ningejua tope lile ni nini, na mtoto wa watu asingeadhibiwa kwa kunitii.

Yule mzee hakuniacha niende mikono mitupu. Alinipa mawe matatu yenye utelezi kutoka katika birika lake la kulea vifaranga, ndani ya ndoo iliyojaa maji ya birika hilo, akaniambia nisiyaache yakauke njiani. Niliyaweka chini ya mkondo wa pampu. Tulibadili nusu ya maji kila siku kwa maji ya mvua, na kwa siku nne samaki hawakulishwa. Kati ya wale wanane, watano walipona.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu na kueleza kosa langu hatua kwa hatua, kama mtu anayetoa ripoti ya jaribio lililoharibika. Nilimwomba kiranja radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimlaumu, na nikamrudishia ukiranja wake. Hakulia wala hakutabasamu. Alinyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, ile mishale uliyotuchorea, kumbe ilikuwa ya hawa samaki?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, ilikuwa ya hawa samaki. Darasa likageuka, viti vikikwaruza sakafu, likalitazama tangi. Nikaufuta ubao, nikawaita wote nyuma, tukaanza somo upya.